Daktari wa Harufu za Magari

Prado nyeusi ilipoingia kwa Matonya kuoshwa, vioo vimepandishwa hadi juu, Harithi aliacha kahawa yake nusu kikombe. Anayefunga vioo Dodoma ni mtu mwenye AC, na kila mwenye AC, kwa hesabu za Harithi, ni mgonjwa ambaye bado hajaambiwa.

Huyu Harithi ni mtoto wa Chang'ombe, wa ukoo wa watu waliofika na misafara zamani hizo, watu wa kuuza na kununua. Naye hakuuangusha ukoo. Alinunua vichwa vya perege wa Mtera, vile ambavyo hata paka hujishauri kwanza, kisha akauza harufu nzuri. Kazi ilikwenda hivi: gari likiwa linaoshwa na mwenyewe yuko kivulini na simu yake, Harithi hupita na kitambaa kama anayefuta kioo cha mbele, akadumbukiza kifurushi kwenye matundu yaliyo chini ya waipa, pale AC inapovutia hewa. Ndani ya kifurushi kuna kichwa cha perege, na nje kuna uzi mwembamba wa kuvulia. Baada ya siku chache mwenye gari hurudi ameshika pua, na Matonya, ambaye ana fungu lake, humwambia kwa huzuni, "Hiyo si ya kuosha, bosi. Hiyo ni ya daktari."

Daktari hutokea na koti jeupe na mashine ya kukaushia nywele aliyoipachika taa nyekundu. Huisogeza kwenye matundu ya dashibodi, husikiliza, huguna. Humwomba mwenye gari akanywe chai, maana dawa ya Ujerumani haipendi kuangaliwa. Kisha huvuta uzi, hupuliza maji ya mchaichai, na mgonjwa amepona. Wateja wake wazuri walikuwa wakubwa wa maofisini, kwa sababu mkubwa wa ofisi yuko radhi kulipa chochote kuliko kusimama hadharani akibishana kwamba gari lake linanuka. Mkurugenzi mmoja alimfukuza kazi dereva wake kwa tuhuma za kula samaki garini. Mungu amjalie dereva yule kazi nyingine.

Tusimnyime haki yake, hata hivyo. Kila mgonjwa alipewa ushauri bila malipo: "Zima AC kidogo kabla hujafika, acha feni ipulize hadi unyevu ukauke. Na filta ubadilishe, vumbi la hapa unalijua." Hicho ndicho kitu pekee cha kweli alichowahi kukitoa, na hakuna aliyekifuata.

Basi kwenye Prado akashuka mama wa makamo, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi?"

"Fundi anatengeneza, mama. Mimi natibu."

Yule mama akacheka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajieleza bila kuulizwa. Jina lake Sidonia, dalali wa mahindi Kibaigwa. Gari aliachiwa na marehemu mumewe. Yeye mambo ya magari hajui hata chembe. Amechoka na kelele za malori, anataka kujenga mjini. Jumamosi kuna mteja anakuja kuliona gari. "Lakini akitokea mtu na kiwanja kizuri, baba, hata kubadilishana nabadilishana."

Harithi alisogea karibu. Kiwanja alikuwa nacho, kule Mkonze, kwa jina lake. Tuseme kweli yote: jina ni lake, kiwanja ni cha mama yake. Bi Khairat alikaanga sambusa miaka na miaka, akauza na bangili zake za dhahabu, akakinunua, akakiandikisha kwa jina la mwanawe wa pekee kwa sababu alimwamini. Tofali la kwanza alikuwa akilisubiri kama wengine wanavyosubiri mjukuu.

"Nyumba itajengwa tu," Harithi alijiambia. "Nikiuza Prado hii, nanunua viwanja viwili." Na mkono wake wenye kitambaa ukaenda kwenye kioo cha mbele. Safari hii aliweka vichwa vitatu.

Jumamosi mteja alifungua mlango, akawasha AC, akafunga mlango, akaondoka. Sidonia akarudi kwa Matonya analia kwenye khanga. Harithi alivaa koti, akawasha taa yake nyekundu, akatikisa kichwa.

"Mapafu ya AC yameoza, mama."

"Hayana dawa?"

"Yana dawa, lakini ya kung'oa dashibodi yote. Hili sasa ni la kuuzwa spea tu. Ila mimi nina roho ya huruma. Nina kakiwanja changu Mkonze..."

Sidonia akafuta machozi. Maji yamefika? Nguzo za umeme ziko wapi? Udongo wake je, haujai maji wakati wa mvua? Jirani wa upande wa juu ni nani? Harithi alijibu kila swali, akiwaza tu jinsi kina mama wanavyopenda maneno. Yeye mwenyewe alikwisha kulikagua gari: injini safi, matairi mapya. Harufu hakuikagua, ya nini wakati aliijua kwa jina na soko ilikonunuliwa? Wakaandikishana gari kwa kiwanja mbele ya mwenyekiti wa mtaa kulekule Mkonze, wakapeana mikono.

Alivuta uzi kabla hata hajatoka Mkonze. Vichwa vitatu vikatoka, akavitupa, akapuliza mchaichai, akapandisha vioo, akawasha AC huku akiimba.

Hakumaliza ubeti. Kilichotoka kwenye matundu kilikuwa harufu nyingine kabisa, nzito, ya tope lililooza na zulia lililolala mvuani. Alisimamisha gari, akatema mate. Akabadilisha filta, akang'oa mazulia akayaanika, akapuliza dawa za kila duka, za kweli zote. Alizima AC kabla ya kufika, akaacha feni ipulize, mgonjwa wa kwanza kuufuata ushauri wa daktari. Harufu ikabaki palepale.

Akaenda Kibaigwa vioo vimeshushwa, amejaa vumbi hadi kope. Sidonia alikuwa sokoni, mkononi ana bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia na kutoa mahindi kidogo ya kuangalia.

"Mama, umeniuzia gari lenye harufu!"

"Na wewe ulilinunua kwa sababu ya harufu," Sidonia alijibu. "Karibu ukae."

"Linanuka tope!"

"Lililala kwenye maji ya mafuriko kabla sijauziwa mimi. Kila mteja akiwasha AC anakimbia. Halafu mfanyabiashara mwenzangu, uliyemtibu, akakuta uzi umekatikia ndani na kichwa cha samaki kimo. Nikasema, huyu ndiye ninayemtafuta." Akachoma gunia, akamwonyesha mahindi meupe safi. "Unaona? Mjanja anajua bambo litachoma wapi, anaweka mazuri hapo, mabovu anayaficha katikati. Wewe umechoma palepale ulipoweka mwenyewe. Hata mnunuzi wa mara ya kwanza hapa hafanyi hivyo."

"Nitakushtaki."

"Nenda. Umwambie hakimu samaki wako alinuka kuliko tope langu."

Harithi alitafuta neno la mwisho. "Na marehemu mumeo angesikia haya?"

"Yule pale, anapakia lori. Msalimie."

Alirudi Chang'ombe jioni, hana wa kumdanganya ila nafsi yake, nayo ilikataa. Kwa heshima ya kweli niseme kwamba njiani aliona aibu, aibu halisi. Alikusudia akifika tu amwambie mama.

Lakini Bi Khairat alikuwa mlangoni, amevaa baibui la Idi, na majirani wamejaa barazani. Habari za Prado zilikwisha kufika. Akapanda mbele, akajiweka sawa.

"Pandisha vioo, mwanangu. Washa AC, wajue. Unipeleke Mkonze nikakione kiwanja changu."

Harithi aliwasha AC mpaka mwisho, akielekeza matundu yote kwa mama yake, akiomba kimoyomoyo asivumilie, ashuke, aseme basi leo tusiende. Harufu ikajaa gari. Bi Khairat akakohoa, akavuta mtandio puani, machozi yakamlenga. Mkono wa pili ukaendelea kuwapungia majirani.

"Linanuka," alisema, "lakini ni letu. Endesha, mwanangu."