Herufi za Mama Hajira

Sabiri alisimamisha pikipiki kijijini Mkata kwa sababu ya kibao cha chipsi, ingawa hakuwa na njaa. Herufi za kibao kile zilikuwa nene, zenye vitambi, kila O ina mashavu. Abiria wa mabasi walikisoma, wakatabasamu, wakanunua chipsi zilizokwisha kupoa. Sabiri, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiishi kwa mdomo wake kati ya Segera na Korogwe, akaona mali imening'inia hadharani bila mlinzi.

Akampigia simu Benedicto, mwenye duka la kuchapa mabango Korogwe. Benedicto alikubali kuzinunua herufi hizo aziingize kwenye kompyuta, mradi kuwe na hati, na mchoraji asizitumie tena.

Mchoraji alikuwa mama Hajira, mjane aliyesomesha wanawe wawili kwa brashi na makopo ya rangi. Sabiri alimwamkia kwa adabu zote, kitambulisho kikining'inia kifuani, akajieleza kuwa ametumwa na Shirika la Kuhifadhi Mwandiko wa Asili. Herufi zake zimechaguliwa kuwekwa makumbusho, jirani na mifupa ya kale. Kinachotakiwa ni azichore zote, A mpaka Z, na asaini kwamba amezitoa moja kwa moja. Malipo ni heshima.

Hajira alikitazama kile kitambulisho. Aliyechora herufi miaka ishirini na miwili haoni maneno tu; aliona kwamba kila S imebandikwa kichwa chini, tumbo kubwa likiwa juu. Hakulisema hilo. Alisema heshima ni jambo kubwa, akaomba hati aiandike mwenyewe kwa herufi zilezile, ili makumbusho wapate mfano. Sabiri akamsomea maneno, naye akaandika, na chini akapanga herufi zote A mpaka Z. Alipomaliza akazungushia karatasi maua na mizabibu pembe zote nne. Sabiri akayasifu maua, wakasaini wote wawili.

Hajira akataka waende kwa mtendaji wa kijiji kugonga muhuri. Sabiri hakupinga, kwani muhuri ungempendeza Benedicto.

Mtendaji alisoma hati kwa sauti. Alipofika mwisho akaigeuza karatasi ubavu, akaendelea kusoma.

"Unasoma nini tena, mheshimiwa?" Sabiri aliuliza.

"Maua."

Mkata nzima waliweza kuyasoma maua ya Hajira, kwani kila jani na kikonyo ni herufi. Yalijaa kwenye kuta za maduka yao. Maua yalisema kwamba Hajira ataendelea kuzitumia herufi zake hadi kufa, na kwamba Sabiri, kwa kupewa nakala, anamkabidhi pikipiki yake nyekundu pamoja na ufunguo.

Sabiri alidai hakuyaona maneno hayo. Mtendaji akauliza kwa upole kama lile Shirika lina namba ya simu, walipigie wapate ufafanuzi. Sabiri akauweka ufunguo mezani.

Alifika Korogwe kwa basi. Benedicto aliyasoma maua polepole, akamrudishia karatasi yake. Kwa mara ya kwanza maishani Sabiri alikuwa na mali halali, yenye saini na muhuri, na hakuna aliyeitaka.

Ilibidi aitumie mwenyewe. Siku hizi anachora vibao Segera, huku ile karatasi ameibandika ukutani aiige. Wiki iliyopita alikuwa akiandika BUCHA pale pikipiki nyekundu iliposimama nyuma yake. Hajira hakushuka. Alikitazama kibao kwa muda mrefu, uso mkavu.

"Kitambi cha B kimezidi," alisema. "Kipunguze."

Akaondoka. Sabiri alibaki ameshika brashi kwa hasira. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akaitazama ile B, akachukua kitambaa akaifuta.