Mama Wawili, Benchi Moja

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimefanya jambo lililoushinda ukoo mzima. Mama mkwe na dada yake mkubwa wamekaa benchi moja! Tangu wagombee cherehani ya marehemu mama yao hawajanywa hata maji pamoja. Mbinu ilikuwa rahisi: mama mkwe nilimwambia dada yake ameomba wapigwe picha. Mama mkubwa nilimwambia mdogo wake ndiye aliyeomba. Wakaja. Wakakaa huku na huku, mmoja akitazama ukuta, mwingine geti. Nikawapiga picha kwa kamera yangu ya filamu ya nyeusi na nyeupe; filamu naisafisha mwenyewe bafuni, kwa dawa, mpaka picha itokee.

Mke wangu akauliza kwa nini nisitumie simu, picha ionekane papo hapo. Nikamjibu simu ni ya watoto. Akasema haya, ila nikimwaibisha kwa mama zake, kamera na chupa za dawa zitatoka nyumbani, na bafu litarudi kuwa bafu. Hanijui vizuri.

Jumapili, 8 Juni

Filamu imetoka tupu. Inapitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Hakuna benchi, hakuna mama. Kosa ni la kamera. Au maji ya bomba. Au mke wangu, aliyekuwa akigonga mlango eti anataka kuoga.

Jumatatu, 9 Juni

Nimejishusha nikaenda kwa Kipara, mwenye studio ya mtaani. Mtu wa dharau huyu! Aliiinua filamu dirishani, akatazama kingo zake, akasema hata zile namba ndogo za kiwandani hazijatokea, kwa hiyo kamera haina kosa. Dawa ya kutoa picha ndiyo haikufanya kazi. Akauliza kama sikuanza na ile ya kugandisha, inayotiwa mwisho picha ikishatoka. Nikacheka kwa sauti.

Nimerudi, nimenusa chupa. Nilianza na ya kugandisha. Zinafanana, ningejuaje? Mwenye wivu ajinyonge.

Mama mkwe amepiga simu kuulizia. Nimemwambia wingu lilipita. Waje tena Jumamosi.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja. Safari hii wamesemeshana, yaani wamegombana. Cherehani ikatajwa, sindano zikatajwa, na nani alikuwa kipenzi cha baba. Majirani wakatoka nje kusikiliza. Nikapiga hivyo hivyo, midomo wazi.

Jumapili, 15 Juni

Bafu halina giza la kutosha, mwanga unapenya chini ya mlango. Filamu ikiguswa na mwanga kabla ya dawa, kwisha habari. Kwa hiyo nimeingia kabatini, katikati ya magauni ya mke wangu, nikaanza kuizungusha kwa kupapasa kwenye gurudumu la kuitumbukizia dawani. Ikawa inaingia vizuri, nikajipongeza. Simu ikalia mfukoni! Nikaitoa niizime, ndiyo ikamulika kabati zima. Alikuwa mama mkwe, anauliza picha zimefikia wapi. Nikamwambia pazuri.

Filamu imetoka nyeusi tititi. Kosa ni lake, lakini mtu hamwambii mama mkwe hivyo.

Jumamosi, 21 Juni

Nimewaambia lenzi iliingia ukungu. Hawakulalamika. Mama mkubwa alifika mapema, na chai kwenye chupa. Wamekaa katikati ya benchi. Mama mkwe akamrekebishia dada yake kola. Kuna kitu cha utotoni kiliwachekesha, nikawaambia watulie, wakazidi kucheka. Nikasikia wanapanga kuipeleka cherehani kwa fundi, maana haishoni tangu zamani. Sikufuatilia. Nilikuwa nahangaika na mwanga.

Jumapili, 22 Juni

Picha zimetoka! Ila mama mkubwa hana kichwa. Zote. Gurudumu lilikuwa na unyevu, filamu ikagandana, dawa haikupenya, na doa limeangukia pale pale. Nikafikiria kusema ndiyo sanaa ya kisasa. Mke wangu akazitazama, akalitazama bafu, akasema Jumamosi ni mara ya mwisho. Maji yamenifika shingoni.

Jumamosi, 28 Juni

Wamekuja na magauni ya kitambaa kimoja, wameshona wenyewe. Nimepiga, nikaingia kusafisha wakiwa wanasubiri sebuleni. Simu nimemwachia mke wangu. Gurudumu kavu. Dawa kwa mpangilio wake.

Imetoka! Mama wawili, vichwa viwili, na hata kifungo cha kola kinaonekana. Nikatoka bafuni napiga kelele.

Hawakushangilia. Wakatazamana. Mama mkwe akaniita pembeni. Akasema walishaulizana kitambo nani aliomba picha, wakajua hakuna aliyeomba, wakaamua kunyamaza. Akasema miaka yote hiyo kila mmoja alitamani kwenda kwa mwenzake, ila hakujua aanzie wapi. Sasa Jumamosi ikifika ana sababu ya kutoka. Picha ikiwa tayari, watasema wanakuja kufanya nini? Akaniomba, kama mwanawe, niiharibu na hii.

Nampenda mama yule.

Lakini fundi haharibu kazi yake kwa makusudi! Kipara atasemaje? Nimekataa katakata. Nikaapa wataondoka na picha leo leo. Na kwa kuwa filamu ilikuwa bado inachuruzika maji, nikaishika juu ya jiko la gesi ikauke upesi.

Ikajikunyata. Ikatoa harufu. Ikawa kama ganda la kitunguu.

Mama mkubwa akapiga makofi. Mama mkwe akanishika mkono, akasema Mungu anibariki kwa moyo wangu mwema, na Jumamosi watakuja mapema. Mke wangu alikuwa anafuta machozi, na bafu hakulitaja.

Jumapili, 29 Juni

Kosa ni la jiko. Moto wa gesi hautulii. Jumamosi nitatumia pasi.