Ugwe wa Serikali

Puuu! Pu-puuu! Kisha kikohozi, kisha puuu nyingine iliyokata pumzi katikati.

Mtoro Bwanausi alikuwa amelala chali chumbani kwake Dunda, kikoi kimemfunika mpaka usoni. Hakumwona mpiga baragumu, lakini alikwisha kujua mambo mawili: kwamba serikali ina tangazo, na kwamba mpiga baragumu wa serikali hajala tangu jana.

"Enyi watu wa mji!" sauti ikapaa nje ya ukuta. "Imefika barua kutoka Unguja! Mzungu mmoja amepita Mkange, ameandika kwamba watoto wa huko wamekonda! Unguja wameona haya! Wanataka kujua wamekonda kweli au hawakukonda, na kwa kiasi gani, ili ghala la Liwali lifunguliwe! Mwenye elimu ya kupima hali ya mtoto aje barazani!"

Mtoro akajifunua. Elimu hiyo hakuwa nayo. Lakini mwezi uliopita aliwatoza wapagazi ushuru wa kivuli, kwenye banda la makuti lisilokuwa lake, na wakalipa na kushukuru. Mtu wa namna hiyo hashindwi kupima mtoto. Alichomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kikoi, akaufunga mafundo mawili, akavaa kanzu yake iliyo safi zaidi kuliko nia yake, akatoka.

Liwali wa mji alikuwa ameketi barazani na tumbo lake. Aliushika uzi kwa vidole viwili.

"Nini hiki?"

"Ugwe, bwana mkubwa. Huzungushwa mkononi mwa mtoto, juu ya kiwiko. Ukikutana kwenye fundo la kwanza, mtoto amekonda. Ukifika la pili, amenenepa. Ni elimu ya Bara Hindi, imepitia Maskati."

"Na wewe umepitia wapi?"

"Mimi nilikaa hapahapa, elimu ndiyo iliyonipitia."

Liwali akacheka, kisha akamsogelea sikioni. "Sikiliza, bwana mpimaji. Mjumbe wa Unguja atafika Ijumaa ya pili kuja kusikia matokeo. Ghalani mna makanda arobaini ya mchele, na mchele mwaka huu una bei yake. Itanisikitisha sana kuyatoa. Nadhani utakuta watoto wamenenepa."

"Bwana mkubwa, nimekwisha kuwakuta."

"Basi kuna joho la bushuti linakungoja."

Hivyo ndivyo wakubwa wetu wanavyoitafuta kweli: huiamua kwanza wakiwa wameketi, halafu humtuma mtu kwenda kuipima.

Mtoro akapewa karatasi yenye muhuri, akashika njia. Alipofika Miono alijifanyia mazoezi, akala kuku watatu kwa ahadi ya kuwaandika watu wale miongoni mwa waliokonda. Miono haikutajwa hata kwenye barua.

Mkange alipokewa na Mwanamkasi, mkunga wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopepesa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umekuja kutupima au kutupimia?"

"Kupima tu, bibi. Kupimiwa kuna utaratibu wake."

"Utaratibu gani?"

"Mbuzi mmoja, nikuandikieni kwamba wamekonda."

Mwanamkasi akawaonyesha watoto kwa kidevu. Walikuwa wameketi ukutani, kimya, na kimya cha watoto ni jambo baya. "Huwaoni?"

"Nawaona, bibi. Lakini macho hayana muhuri. Muhuri uko kwenye ugwe."

"Sisi tuna ugwe wetu," alisema Mwanamkasi. "Mtoto tunamvisha shanga kiunoni angali mchanga. Zikimbana, tunaongeza uzi. Zikilegea, tunajua. Tabia! Hebu njoo hapa, mjukuu wangu."

Msichana wa miaka minne akasimama. Hatua ya kwanza shanga zikafika mapajani, ya pili zikafika magotini, ya tatu akazishika kwa mikono miwili ili asijikwae.

"Juma lililopita tumezika wawili," akasema Mwanamkasi.

Mtoro akatazama pembeni, akakohoa. "Poleni sana, bibi. Mbuzi awe jike."

Mwanamkasi hakumtukana. Alimkaribisha mkekani, akampa maji.

"Mbuzi tumekwisha kuwala, baba. Lakini nikuulize: ukienda kusema wamenenepa, wapata nini?"

"Joho."

"Joho! Na makanda ghalani ni mangapi?"

"Arobaini."

"Mtu mzima, msomi, anaacha makanda arobaini anachukua nguo! Wewe sema wamekonda. Sema mbele ya mjumbe, watu wote wanasikia, Liwali hatakuwa na pa kupitia. Mchele ukitoka, nani atausimamia? Si wewe mwenye elimu? Ishirini yako, ishirini yetu. Nasi tutaapa kwamba tumepokea yote arobaini."

Mtoro alimtazama kama fundi aliyemkuta mtu barabarani ameshika nyundo yake. "Bibi, kazi hii umeianza lini?"

"Uliponiamkia."

Akapiga hesabu ya haraka. Makanda ishirini, kisha Pangani, ambako hakuna anayemjua. Akazungusha ugwe kwenye mkono wa Tabia, akaukaza bila sababu ya kuukaza. Fundo la kwanza lilikuwa mbali mno. Uzi ulibaki wa kumpima na mwenzake. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema kweli ili aibe, akaona kazi yenyewe ni nyepesi.

Ijumaa ile baraza lilijaa. Mjumbe wa Unguja, mzee mkavu mwenye tasbihi, aliketi katikati. Mwanamkasi na wanawake wa Mkange walisimama nyuma. Mtoro akafungua karatasi.

"Watoto wa Mkange," akasoma kwa sauti ya hutuba, "wamekonda. Hakuna hata mmoja aliyefika fundo la kwanza."

Liwali aliruka kama mtu aliyeng'atwa na kiti chake.

"Ghala lifunguliwe," akasema mjumbe.

Mtoro akainama kwa unyenyekevu, mkono kifuani. Mawazoni alikwisha kufika Pangani. Hapo ndipo aliposikia sauti ya Mwanamkasi.

"Bwana mjumbe, tunamshukuru mpimaji huyu. Hatujapata kuona mtu mwaminifu kama yeye. Ametuapia kwamba atausimamia mchele kwa mikono yake, na kila mwezi atapima, na mwezi wa tatu kila mtoto atafika fundo la pili. Asipofika, amesema, basi ijulikane kwamba mchele ameula yeye."

Baraza zima likamgeukia.

"Umeapa hivyo?" akauliza mjumbe.

"Ameapa!" akadakia Liwali, uso umemchangamka ghafla. "Mimi ni shahidi. Na gereza langu lina nafasi, chumba cha upande wa jua."

"Na… naam," akasema Mtoro.

"Iandikwe," akasema mjumbe.

Wapagazi arobaini wakatoka mjini na makanda vichwani. Mtoro alitembea nyuma yao, akihesabu vichwa kila hatua. Mpagazi mmoja alipolegeza mshono wa kanda atie kiganja, Mtoro alimrukia. "Mwizi mkubwa! Unakula shingo yangu wewe!" Akapiga magoti njiani, akaokota punje moja moja, nao wanawake wakapokezana kuimba:

*Ugwe wako mpimaji, leo wakupima wewe,*
*Mchele wa wenye mji, tazama usiibiwe!*

"Bibi," alinong'ona walipovuka mto, "na yale ishirini yangu?"

"Yachukue, baba. Chukua yote. Mwezi wa tatu si mbali."

Hakuchukua. Walipofika Mkange aliukoka moto mwenyewe, akakoroga uji wa mchele mwenyewe, akasimama juu ya masufuria na mwiko kama askari. Watoto wakanywa. Tabia alikunywa kidogo, akalisukuma bakuli.

"Nimeshiba."

Mtoro akauacha mwiko. "Umeshiba nini, mwanangu? Hujafika hata nusu!"

"Sitaki. Hauna nazi."

"Tumbo lililozoea njaa ni dogo," akasema Mwanamkasi. "Halijazwi kwa mara moja."

Mtoro akapiga magoti mavumbini na kanzu yake safi, akaushika ule mkono mwembamba kama ufito, kwa hofu na kwa adabu.

"Sikiliza, Tabia. Kesho asubuhi nashuka Saadani kwa miguu yangu. Nitakuletea nazi, na dagaa, na asali nikiipata. Wallahi nitaleta. Nimeapa mara nyingi, mwanangu, na zote zilikuwa za uongo, lakini hii ni ya kweli. Wewe nenepa tu."