Siku Spika za Baba Tumsifu Zilipotoka Nje

Leo nimeumbuka, wenzangu wa kwaya ya zamani. Nawaandikia mwenyewe, herufi moja moja, mnivumilie.

Niwataje kwanza waliokuwepo. Mama Faraja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Makambako. Mzee Nataniel, balozi wetu wa nyumba kumi. Fundi Yusto seremala, mtoto wa marehemu Debora aliyekuwa anaimba sauti ya pili, mnamkumbuka. Wanawake wa mtaani: Salome, Tuponile, Mama Gadi na mkwe wake Rehema. Na mimi. Mimi nilikuwepo kama marehemu, lakini huko sijafika.

Zile spika za mume wangu, baba Tumsifu, mnazijua. Mbili, ndefu, zinanifika kifuani, zimesimama sebuleni kama wazee wa kanisa. Tangu mwenyewe alipozikwa hakuna aliyezisogeza. Nadeki nikizizunguka. Asubuhi naota jua barazani, muziki umebaki ndani kwenye baridi unajiimbia. (Na mimi nje najikalia. Kila mmoja upande wake.)

Sasa leo Fundi Yusto kaja kunifungia magurudumu chini yake, yale madogo kama ya kitanda cha hospitali. Kapigilia ubao, kakaza skrubu, kazisukuma kwa mkono mmoja mpaka barazani. Nikafurahi kama nimeletewa wageni.

"Bibi, hivi vyuma vya mbele ndiyo breki. Ukishaziweka mahali, kanyaga."

"Nimesikia, mwanangu."

(Nilisikia. Sikukanyaga.)

Alipoondoka nikasema, sebule leo imepata nafasi, nideki vizuri. Nikatoa viti vyote nje. Nikawasha moto kando ya nyumba nichemshe maji. Nikachomeka flashi ya marehemu, nikaweka ule wimbo wa kwaya alioupenda, wa taratibu, wa kuvuka kwenda ng'ambo kwa Baba. Sauti nikaifungulia mpaka mwisho. Nilitaka mtaa usikie kwamba humu kuna mtu. Kisha nikaenda nyuma kufua matambara.

Nyie fikirini wenyewe. Viti nje. Moshi. Spika barazani zinalia kwaya. Na nyumba yenyewe ina mtu mmoja.

Niliporudi na ndoo, kanga nimejitanda mpaka usoni kwa ajili ya vumbi, baraza limejaa. Wanawake wamekaa chini, kanga viunoni. Mama Gadi ana ungo wa unga. Salome analia. Wanaume wako mlangoni wanashauriana nani atangulie kuingia. Nikajua kuna msiba mahali, wamenipitia twende pamoja. Nikakaa nyuma ya Mama Faraja, nikamgusa bega.

"Nani katutoka?"

Hakugeuka, na kwa kelele za spika hakunijua sauti. "Si bibi wa humu. Mama Tumsifu."

Nikaivuta kanga usoni zaidi.

"Kafaje?" (Ningeuliza nini kingine?)

"Peke yake, dada. Tunapita hapa kila siku kwenda sokoni, hata hodi hatupigi. Leo ndiyo tumejaa."

Tuponile akadakia, "Na alivyokuwa anajua majina ya watoto wetu wote. Mimi wangu mwenyewe nawachanganya."

Nilipaswa kusema, najua. Lakini ni muda sijakaa katikati ya watu wakanitaja. Nikaona niwaache wamalizie kidogo. Mara akaingia Fundi Yusto, anamwambia balozi, "Nimemwacha asubuhi mzima kabisa, kanipa na chai." Mkononi ana tepu ya kupimia. Alikuja kunichukua urefu.

Hapo wimbo ukaisha. Flashi ya baba Tumsifu haina mpangilio, baada ya kwaya ukaingia muziki wa harusi, wenye ngoma nzito. Na baraza langu limeinamishwa kidogo, maji ya mvua yatoke. Spika ya kushoto ikatetemeka, ikageuka, ikaanza kwenda. Polepole, halafu si polepole tena, kuelekea ngazini.

"Breki!" Fundi Yusto akapiga kelele.

Nikaruka watu, nikaikumbatia kwa mikono miwili. Kanga ikadondoka. Tukashuka ngazi pamoja, mimi na spika, tukasimama uani tumeshikana. Waya ulishang'oka. Ile nyingine ikaendelea na harusi yake.

Mama Faraja alikuwa kishafika getini, kiatu kimoja. Mzee Nataniel akavua kofia, akaivaa tena.

"Kamwene," akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mzee."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Njooni mshike, nateleza."

Rehema ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Mama Faraja akarudi kuchukua kiatu chake, kaninunia. "Umeniacha niseme yote yale na wewe unasikia."

"Yaseme tena. La mwanzo halikunikaa vizuri."

Unga wa msiba haurudi ulikotoka, mnajua. Wakasonga ugali palepale, Mama Gadi akaleta maharage, tukala, marehemu na waombolezaji wake. Nimekula sana leo. Jua lilipoinama kila mtu akakumbuka kwake. Wameniingizia viti, wamenirudishia spika pale pale zilipokuwa, wamekanyaga breki zote.

Nyumba imetulia tena.

Kama kuna jina nimekosea, au aliyekuwepo nimemsahau, nisahihisheni. Ila msinisahihishe kwa simu, macho yangu mnayajua. Anastazia, kutoka Lupembe magari yapo. Ketura, wewe uko Mahongole, hapo tu. Msinichekee huko mliko, njooni mnichekee hapa. Na msingoje mpaka msikie kwaya.