Ruta Mbili na Salamu ya Mzee Eliezeri

Jumatatu, 10 Machi 2025. Ilomba, Mbeya.

Leo nyota imewaka! Mama Alinanuswe, mwenye kampuni ya parachichi ninakofanya kazi za kuunga-unga, katuita ofisini mimi na mwenzangu wa kazini, Rabson. Kasema ofisi ya Mbeya na ofisi ya Iringa zinapigiana simu kutwa nzima kupanga bei, vocha zinaisha kama maji, na msimu ndio kwanza unaanza. Anataka simu za intaneti. Unavaa hedifoni, unabonyeza kwenye kompyuta, unaongea na Iringa kama mtu wa meza ya jirani. Atakayeweza ndiye fundi mkuu wa mitandao, ofisi zote mbili. Ajira ya kudumu! Kitambulisho cha kuning'iniza shingoni!

Rabson ana diploma. Mimi nina bando. Akaulizwa itachukua muda gani. Akasema wiki mbili, kwa sababu lazima kwanza akague kompyuta, apime mtandao, asome mahitaji ya programu. Nikaulizwa mimi. Nikasema Ijumaa. Sijui neno Ijumaa lilitoka wapi. Lilitoka lenyewe.

Kazi kanipa mimi! Rabson kaambiwa akae pembeni aangalie. Akanitakia kila la heri kwa sauti ya mtu anayeaga maiti.

Jioni nimeyafungua hayo mahitaji. Ukurasa mrefu kama kesi ya shamba! Windows ya toleo fulani, RAM kiasi fulani, milango fulani ya ruta ifunguliwe ili sauti ipite. Mimi hawa watengenezaji nawajua. Wanazidisha. Ni kama fundi cherehani, anakuomba mita tatu, suruali inatoka kwenye mbili. Nimefunga ukurasa. Nimelala kwa amani.

Jumanne, 11 Machi.

Kompyuta ya Mama imegoma. Programu inasema mashine ni ya zamani mno, haiungwi mkono. Ya zamani! Ina stika mpya kabisa ya ua pembeni.

Rabson akapita na kikombe cha chai. Akauliza kwa upole kama nimeangalia toleo la Windows. Nikamwambia hilo nimeliangalia tangu jana, lipo kwenye mpango. Alipotoka nikaliangalia. Ni Windows 7. Aisee! Hii mashine ilinunuliwa mimi nikiwa shule ya msingi.

Lakini Gwakisa hashindwi. Nimepekua mtandaoni nikakuta toleo la kale la programu hiyohiyo, kwenye tovuti moja yenye matangazo ya dawa za mvuto. Nimepakua. Imekubali! Mashine sasa inaunguruma kama ya kukoboa mpunga, ila inafanya kazi. Nimebadilisha hata picha ya kwenye kioo, nimeweka milima yenye theluji. Mama kaingia, kasema kumbe kompyuta yake bado mpya. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nikajaribu kupiga simu kutoka meza ya Mama kwenda meza ya karani, palepale chumbani. Safi! Karani akasema ananisikia vizuri sana. Rabson akasema hata bila hedifoni angenisikia, maana tumetenganishwa na kabati.

Wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 12 Machi.

Mtandao umekuwa mzito. Sauti inakatika, mtu anasema "para", halafu anapotea, halafu "chichi". Nimefanya upelelezi. Vijana wa stoo! Wote wako kwenye Wi-Fi ya ofisi wanaangalia mpira wa marudio huku wamekalia kreti. Nikabadilisha nywila kimyakimya. Mtandao ukawa mwepesi kama unyoya. Shangwe!

Shangwe ilikufa kabla ya chakula cha mchana. Nilisahau kumwambia Mama nywila mpya. Alikuwa katikati ya kumtumia mnunuzi picha za mzigo. Katoka ofisini akiwa ameshika simu juu kama mtu anayetafuta mtandao mlimani, akiuliza nani kazima dunia. Vijana wa stoo wakaninyooshea vidole. Rabson hakuninyooshea. Alitabasamu tu, na hilo ni baya zaidi.

Nimerudisha nywila. Vijana wa stoo sasa wananiita Waziri wa Giza.

Nikiwa nakula makande yangu pembeni, wazo limekuja. Kubwa! Iringa nako mtandao wao ni wa kuchechemea. Sasa, ruta moja ikizidiwa, si unaongeza nyingine? Ng'ombe wawili wanalima zaidi kuliko mmoja. Nyumbani ninayo ruta niliyoifufua mwenyewe kwa gundi na maombi. Nimeifunga kwenye boksi la sabuni, nimeikabidhi kwa kondakta wa basi la Iringa. Nimempigia Yusta, karani wa ofisi yetu ya Iringa, pale Mlandege, nikamwambia akaipokee stendi kesho, aichomeke nyuma ya ile ya kwao, halafu simu za kompyuta zipite humo. Ruta mbili, nguvu mbili.

Yusta akauliza kama Rabson anajua. Nikamwambia Rabson ana mambo yake mengi.

Alhamisi, 13 Machi.

Imekubali! Imekubali! Imekubali!

Yusta kachomeka ruta. Nikampigia kutoka kompyuta ya Mama. Sauti yake, jamani! Kama amekaa begani kwangu. Alikuwa anasema haloo. Haloo, haloo, haloo! Nikamwambia nakusikia dada, hongera. Akasema haloo. Nikamweleza jinsi nilivyopata wazo la ruta mbili. Akasema haloo, haloo, jamani haloo. Furaha ilimzidi kabisa. Mwisho akakata, nadhani machozi.

Nimemwambia Mama kila kitu kiko tayari. Kesho asubuhi simu ya kwanza itatoka kwa Mzee Eliezeri mwenyewe. Huyu Mzee ni kaka wa marehemu mume wa Mama, Mhehe wa Kalenga, ndiye anayesimamia Iringa, na nusu ya kampuni ni yake. Mama ni Mnyakyusa. Wanaheshimiana sana, kama watu wanaobeba kioo pamoja. Mama kaniambia nisimwaibishe mbele ya shemeji yake. Jumatatu lori linatoka Iringa na mzigo wa kwanza wa msimu, na asiposema Mzee, halitoki.

Nikamwambia alale usingizi. Nimeshanyoosha shati la kuning'inizia kitambulisho.

Ijumaa, 14 Machi.

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi Mama kavaa kitenge cha sherehe. Wapo karani, Rabson na vijana wawili wa stoo waliojifanya wamekuja kufagia. Kompyuta ikalia. Nikabonyeza kwa madaha. Sauti ya Mzee Eliezeri ikajaa chumba chote.

"Kamwene, shemeji!"

Sasa kwa wasiojua, Mzee yule bila salamu haanzi neno. Hata nyumba ikiungua atakusalimu kwanza. Mama akaitikia vizuri kabisa kwa Kihehe chake cha ukweni. Kimya. Mzee akasalimu tena, kwa nguvu zaidi. Mama akaitikia kwa nguvu zaidi. Kimya. Tukasikia kiti kikisogezwa kule Iringa. Yusta aliniambia baadaye kwa simu kwamba Mzee alisimama na kuvua kofia. Akasalimu mara ya tatu, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho.

Mama kapiga kelele ya "Kamwene!" mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Rabson kapiga. Mimi nimepiga. Vijana wa stoo wamepiga, na ufagio juu.

Kule Iringa, kimya. Halafu Mzee, taratibu kabisa, akamwambia Yusta: nimemsalimu shemeji mara tatu, tena nimesimama, na yeye kaninyamazia. Kumbe ndivyo tulivyofika. Basi kila mtu auze parachichi zake. Na lori la Jumatatu lisipakie.

Tulisikia kila neno. Sauti safi ajabu! Nikataka kusema hivyo, nikaona macho ya Mama, nikaghairi.

Mama kapiga simu ya kawaida. Mzee hapokei. Kapiga tena. Kapokea Yusta, kasema Mzee anasema salamu iliyokataliwa hairudi kwa simu, inafuatwa kwa miguu.

Mama hawezi kuondoka, wanunuzi wanakuja kesho. Akanigeukia. Kasema mwenye miguu ni mimi. Kasema wewe mtoto, lori la Jumatatu lisipopakia, wewe huna kazi na mimi sina kampuni, na mume wangu huko aliko hatanisamehe kwa kugombana na kaka yake. Aliposema la mume wake sauti ilimkatika. Hiyo haikuwa ya mtandao.

Naandika nikiwa kwenye basi. Makambako mvua. Nina mkungu wa ndizi za Tukuyu kwenye magoti, zawadi kutoka kwa Mama. Jirani yangu ameshauliza mara mbili kama zinauzwa.

Jumamosi, 15 Machi. Mlandege, Iringa.

Nimemkuta Mzee Eliezeri ofisini, koti limefungwa vifungo vyote. Nikaweka ndizi chini. Nikatoa shikamoo, halafu nikasema nimeleta salamu za Mama Alinanuswe kwa miguu yangu. Kamwene.

Akaniangalia. Akaitikia. Halafu akaanza! Mmeamkaje huko. Watoto. Mvua. Migomba. Mguu wa jirani wa Mama uliovunjika mwaka juzi, ambao mimi hata siujui, nikasema unaendelea vizuri. Tulipomaliza jasho lilikuwa linanitoka. Ndipo nikamwambia kwamba Mama aliitikia. Zote tatu. Mashine ndiyo iliyomeza.

Mzee akaniuliza kama mashine inaweza kumeza neno la mke wa mdogo wake na kuliacha la kwake lipite. Yusta akadakia. Babu, ni kweli, hata Alhamisi mimi nilikuwa nasema haloo, huyu kaka hajibu. Akanigeukia. "Gwakisa, nilikwambia haloo mpaka koo likauma. Ulikuwa unafanya nini?"

Nikasema nilikuwa nachunguza ubora wa sauti.

Mzee kasema basi tumsikie shemeji kwa mashine hiyohiyo. Isipoweza, lori halipakii. Nikaangalia ruta mbili. Zote taa zinawaka. Nikazima, nikawasha. Nikapuliza vumbi. Nikabadilisha hedifoni. Mzee akatoa saa mfukoni. Ikabidi nifanye jambo zito kuliko yote maishani mwangu. Nikampigia Rabson.

Hakucheka. Ningependa angecheka. Kaniuliza kuna ruta ngapi. Nikakohoa. Kaniuliza tena. Nikasema mbili, lakini ya pili ni ndogo. Akasema sauti ya Mbeya inafika kwenye ruta ya kwanza, haijui njia ya kuingia ya pili, inaishia mlangoni. Ndiyo maana Iringa wanasikika lakini hawasikii. Akasema hilo limeandikwa kwenye mahitaji, mstari wa kwanza baada ya kichwa: ruta iwe moja. Chomoa ya kwako, Gwakisa. Waya wa kompyuta uweke kwenye ile ya ofisi.

Nilichomoa. Ruta yangu ilizima taa moja moja, kama mtu mwenye staha.

Yusta akabonyeza. Kompyuta ikalia mara moja tu.

"Kamwene, shemeji!" Mama! Mzima mzima, mpaka pumzi yake! Kumbe alikuwa amekaa pale na hedifoni kichwani tangu asubuhi.

Mzee akavua kofia. Akaitikia. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Wakasalimiana upya, la Ijumaa wakalimaliza, la Jumamosi wakalianza. Mama akasema niliitikia, shemeji, Mungu ananiona. Mzee akasema nimesikia sasa, yaishe, mdogo wangu alijua kuoa. Chai yetu ikapoa, hakuna aliyethubutu kuigusa. Mwisho kabisa, kama kitu kidogo, Mzee akasema lori lipakie.

Yusta alijifuta macho na risiti.

Halafu Mama akaomba kuongea na mimi. Fundi mkuu ni Rabson, kuanzia Jumatatu. Mimi nitakuwa msaidizi wake, kwa sharti moja, nisome ule ukurasa wa mahitaji wote, kwa sauti, mbele yake. Kitambulisho nitapata, ila kitaandikwa "Msaidizi" kwa herufi kubwa.

Nimeusoma usiku huu, nusu. Kwa ujumla nakubaliana nao.

Jumapili, 16 Machi. Kalenga.

Mzee kanichukua baada ya ibada nikale ugali kwake. Watu wa Kalenga wanapika nyama tamu jamani. Kaniuliza, kwa aibu kidogo, kama inawezekana simu ya kompyuta iwe hapa nyumbani, ili awe anamsalimu shemeji kila alfajiri kabla ya shamba. Mkewe akaguna kwamba alfajiri wengine wamelala.

Nikamwambia inawezekana! Kwa nini isiwezekane? Rabson angetaka wiki mbili. Nimemwahidi Alhamisi. Yusta, aliyekuwa anakula pamoja nasi, akarudisha tonge kwenye sahani na kufumba macho.

Mzee kanipeleka stoo kunionyesha kompyuta. Iko chini ya magunia ya mahindi, ni urithi wa mwalimu mmoja aliyestaafu. Kioo chake ni kirefu kwenda nyuma kama kisima. Kuku amelala juu ya kibodi na vifaranga wake, tumekubaliana tusimsumbue mpaka Jumanne.

Umeme umefika nyumba ya tatu kutoka hapa. Intaneti hakuna. Kompyuta haiwaki.

Mengine yote yako tayari.