Urani Chini ya Sifuri

Jumatatu, 8 Julai

Fedheha! Barua imekuja kutoka kwa watu wa mamlaka ya mionzi. Wenye vitu vya nyuklia kwa kiasi kidogo, kama shule yetu, hawajazi tena ripoti ya kurasa kumi na moja. Sasa ni ukurasa mmoja tu kwa mwaka. Sisi tuna chupa moja ya chumvi ya urani, gramu arobaini, iliyoachwa maabara na mfadhili zamani. Kwa chupa hiyo mimi, mtunza stoo, nimekuwa na meza yangu, ufunguo wangu na heshima yangu kwa miaka sita. Mkuu wa shule, Mzee Mfaume, kafurahi mno. Kasema ukurasa mmoja hata Mwalimu Zaitun wa kemia ataujaza huku akisubiri chai, na mimi nirudi kugawa chaki na mafagio. Zaitun kacheka. Nimeomba angalau nijaze wa mwaka huu. Kakubali, ila nikikosea ufunguo unahama.

Jumanne, 9 Julai

Fomu yenyewe matusi. Jina la shule, kiasi cha mwaka jana, kiasi cha sasa, sahihi. Basi! Hapo ubongo wangu ukachemka: nitapima upya! Ripoti yenye vipimo haiwezi kupewa mtu anayesubiri chai. Chini kuna maelezo kwa herufi ndogo. Sikuyasoma. Yamewekwa kwa ajili ya wasiojua.

Jumatano, 10 Julai

Mizani ya maabara anayo Zaitun. Simwombi ng'o. Nimekwenda kwa Mudrick, mnunuzi wa kamba wa baharini, anayepokea mzigo wa wavuvi wa vijiji vya Mbuchi na Kiongoroni. Bodaboda, chupa ndani ya ndoo, ndoo mapajani. Mudrick kaitundika kwenye mizani yake hata bila kuchungulia. Kilo moja na robo. Kisha akafanya kama anavyowafanyia wavuvi wote: katoa kilo moja ya ndoo, katoa nusu kilo ya maji. Nikamwambia hii haina maji. Kasema kila mwenye ndoo husema hivyo. Tumebishana mpaka Bi Zamda wa Mbuchi, aliyekuwa nyuma yangu na ndoo tatu, akaniambia mwanangu kubali, kamba wangu wanaharibika. Nimekubali. Jibu: robo kilo chini ya sifuri. Nimerudia hesabu mara tatu, haibadiliki. Nimeijaza hivyo hivyo, nikapiga sahihi ndefu, nikaituma kwa simu.

Alhamisi, 11 Julai

Simu ya mamlaka haikatiki. Wanauliza gramu mia mbili na tisini zimepotelea wapi, na imekuwaje zilizopotea zizidi zilizokuwepo. Nimewajibu kwamba swali ni zuri.

Ijumaa, 12 Julai

Gari jeupe limeingia saa mbili asubuhi. Mkaguzi, Bi Warda, kashuka na kifaa cha kupimia mionzi. Mtihani wa kemia umeahirishwa, wanafunzi wakanishangilia. Chupa ikakutwa kwenye kabati la stoo, salama, lakiri ya kizibo haijaguswa. Kauliza kwa nini inanuka kamba. Nimeeleza. Kaomba nieleze tena, polepole. Kisha akasoma zile herufi ndogo mbele ya walimu wote: kama lakiri ni nzima, nakili namba iliyo kwenye lebo, na chupa isitoke stoo. Akaamua shule yetu irudie kurasa kumi na moja. Moyo ukaruka kwa furaha! Akaongeza kwamba zitajazwa na Mwalimu Zaitun. Nimekabidhi ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe. Imeniuma, sitaficha. Nimejifungia kwenye chumba cha mafagio nikalia.

Jumatatu, 15 Julai

Zaitun yuko ukurasa wa tatu na hajagusa chai yake. Nimempitia mara nne kumpa pole. Kanirushia rula.

Jioni nimewaandikia mamlaka kuomba kazi ya ukaguzi. Kwenye sifa nimeweka moja tu, inatosha: mimi ndiye mtu pekee wilaya nzima ya Kibiti aliyewahi kuwafanya waje haraka.