Kovu la Kutosha Wiki Sita

Jumatatu, 1 Julai 2013

Andika, Aida. Andika ninavyosema, usinirembe. Umelala tu, mkono wako mzima.

Leo mkwe wangu kafika. Priska wa Itaka, mama yake Sadock, ndiye mama mkwe wa huyu mjukuu wangu. Kaja na kilo ya sukari na macho ya kukagua. Nilidhani anampa pole mgonjwa. Kumbe anamchukua. Kahawa imeiva, mikono haitoshi.

Nikamwambia mtoto kapasuliwa figo Dar, njia ya mkojo iliziba, figo ikavimba kama parachichi. Daktari kasema wiki sita asibebe kitu. Zimepita mbili. Akaomba aone. Aida akafunua ubavu. Vidoa vitatu. Basi.

Priska akaangalia, akaangalia tena, kama mtu anatafuta sindano iliyoanguka. Akasema kwao mtu akikwaruzwa na mti wa kahawa anaumia kuliko hapo, na jioni bado anachuma. Jumamosi anakuja na Sadock kwa pikipiki kumbeba. Asante, mkwe. Huruma imekujaa mpaka inamwagika.

Nikamuuliza Aida, hawa madaktari wamesoma miaka yote hiyo, kukata wanashindwa? Eti siku hizi wanatoboa tundu wanaingiza kamera. Kamera. Wanampiga picha nani humo ndani?

Jumanne, 2 Julai

Nimekwenda kwa Sunday, kijana anayeosha malori pale karibu na mpaka. Ugonjwa uleule, ila yeye alichanwa kizamani, mwaka juzi. Nikamsumbua mpaka kanionyesha.

Lile ndilo kovu. Linaanzia mgongoni chini ya mbavu, linazunguka linakaribia kitovu, na alama za nyuzi huku na huku kama reli ya Tazara. Alilala miezi miwili na hakuna aliyemuuliza neno. Kuku waliletwa mpaka wakawa wanapigana.

Na huyo mjinga analificha! Wenzake wote wanaosha malori kifua wazi, yeye na shati limemganda. Anasema wasichana wakiliona wanamuuliza kama figo kaiuza Zambia. Angepewa vidoa kama vya Aida, angetembea bila shati mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Vijana. Mungu anampa mtu mali, halafu anamwongezea na haya.

Lakini mimi nimepata akili. Daktari kasahau kuweka kovu. Tutaweka wenyewe.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemwita Fatu, mke wa Salum mwenye malori. Mtu wa Tanga, ndiye anawapamba hina maharusi wote wa Kiislamu hapa Tunduma. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kovu hajawahi kuchora, ila ngozi ni ngozi.

Aida hakutaka. Nikamwambia, mke mwenzangu, chagua, hina ubavuni au debe la kahawa kichwani. Akageuka upande, akafunua ubavu.

Fatu kaviruka vile vidonda, kavuta mstari mzima, kaweka na nyuzi. Saa mbili nzima. Ilipokauka ikabanduliwa, nikatazama, mimi mwenyewe nikasema pole.

Sasa huyu anaandika anacheka, kashika ubavu. Acha kucheka, utafumuka kweli.

Jumamosi, 6 Julai

Priska kaja, Sadock kabaki mlangoni na pikipiki. Nikamwambia mkwe, makovu ya kisasa yanachelewa, yanatokeza wiki ya tatu. Nikafunua.

Akashika mdomo. Nikafurahi.

Kisha akasema, polepole, kwamba mtu hachanwi hivi kwa kuzibua njia. Hapo figo yenyewe imetolewa, na mimi namficha. Mwanamke wa figo moja atazaa vipi, atalima vipi? Akamwita Sadock ndani. Wazee wa Itaka watakaa, ng'ombe wa mahari watarudi, Aida atabaki kwangu. Siyo wiki sita. Moja kwa moja.

Aida akanivuta gauni. Nikasema ni hina. Priska hakuamini. Nikaleta maji na sabuni ya mche, nikasugua. Hina ya Fatu, ndiyo kwanza inang'aa. Nikasugua mpaka mtoto akaguna. Priska akanishika mkono, akaniambia niache kumtesa mgonjwa, uongo wa pili haufuti wa kwanza. Ona sasa. Siku niliyosema kweli ndiyo siku ya kutoaminiwa.

Akainama kumfunika kanga. Hapo akaona. Mwisho wa kovu, pale kiunoni, Fatu kaweka ua. Ua kamili, na majani yake. Mkono umezoea maharusi, haujui kuishia hewani.

"Daktari gani huyu," Priska akauliza, "akimaliza kushona anapanda bustani?"

Sadock akacheka wa kwanza. Mimi nikatazama bati. Aida hakucheka. Akajiinua, kashika ubavu.

"Mama, nje wamepita padogo. Ndani wamekata na kushona sawasawa na waliochanwa ubavu mzima. Nikipiga chafya naona giza. Niliogopa kukwambia, maana ulishaangalia ukaona hakuna kitu."

Priska akakaa kitandani pale miguuni. Akamuuliza daktari alisema mpaka lini, akahesabu kwa vidole. Akasema Sadock atachuma mistari yake na ya mkewe. Sadock akaacha kucheka.

Wakaondoka bila Aida. Mlangoni Priska akaniambia, "Mama, aliyestahili kupasuliwa ni wewe." Nimepokea. Ni pole, hata kama imepinda.

Jumatatu, 8 Julai

Nimempeleka Aida zahanati, vidonda viangaliwe. Nesi Leah, katoto tu, kafunua, karudi nyuma hatua mbili, kaita wenzake wawili. Nikawaeleza bila kubabaika. Wiki sita za mgonjwa zimepatikana kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya kovu langu. Vidoa vingemfikisha Itaka Jumamosi ileile.

Nikampa na ushauri awapelekee madaktari wa Dar. Kamera nzuri, waingize, sikatai. Ila wakitoka wakwaruze juu mstari mrefu, tena wa kukunja kona, maana wakwe hawasomi nukta. Nesi hakubisha. Kaniuliza jina langu na umri, na kama nalala vizuri usiku, akaandika yote. Bila shaka Dar watataka kumjua mwenyewe.